Kupamba Nje ya Nyumba kwa Halloween Bila Kumaliza Mshahara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila Oktoba kwa Waswahili tunaoishi Marekani na Canada. Mtaa mzima umejaa mifupa na mizimu, watoto wanauliza sisi tutaweka nini, na kodi ya nyumba nayo inasubiri. Tumeanza na mambo ya msingi, kisha tukaenda kwenye yale yanayomkuta mmoja mmoja. Jambo likiwa limeshajibiwa mahali, tunakuelekeza huko.

## Mambo ya kwanza

Halloween ni nini hasa, na kwa nini watu hupamba nje badala ya ndani?

Ni jioni ya tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Huku ililetwa na wahamiaji wa Ireland na Scotland. Kwao walikuwa wakichonga tanipu na kutia mwanga ndani; walipofika Amerika wakakuta maboga, makubwa zaidi na laini zaidi kuchonga, na tanipu ikasahaulika.

Mapambo huwekwa nje kwa sababu mgeni wa usiku huo haingii ndani. Watoto hupita nyumba kwa nyumba wamevaa mavazi ya kuigiza, hugonga, husema "trick or treat", hupewa pipi, haoo wanaondoka. Shughuli yote inaishia barazani, kwa hiyo sebule yako hata ikiwa na mabuibui mia hakuna atakayeyaona.

Nisipopamba majirani watanielewaje?

Hawatasema kitu. Nyumba nyingi haziweki chochote. Kinachosomwa na watoto ni taa ya barazani: ikiwaka, karibuni, ikizimwa, piteni. Taa inayowaka na boga moja kwenye ngazi vinatosha kabisa kuhesabiwa kuwa umeshiriki. Kama unasita kwa sababu za dini, tazama sehemu ya mwisho.

Nianze lini na niondoe lini?

Wengi huanza wiki ya kwanza au ya pili ya Oktoba. Taa na vitu vya plastiki vinaweza kutangulia; boga la kuchongwa liwe la mwisho, kwa sababu zilizoelezwa kwenye sehemu ya maboga. Kuondoa, jitahidi wiki ya kwanza ya Novemba isipite. Fuvu lililobaki mlangoni katikati ya Novemba linaanza kusema mambo kuhusu mwenye nyumba.

Bajeti ya chini kabisa ni kiasi gani?

Dola 10 zinatosha kuanza: balbu moja ya rangi ya kuweka kwenye taa ya barazani, na boga moja. Ukiwa na dola 30, ongeza nyuzi mbili za taa za LED na shuka jeupe la mtumba, halafu vingine vyote vitoke kwenye pipa la taka zako mwenyewe: madumu ya maziwa, maboksi, majani makavu, mifuko myeusi.

Zaidi ya hapo ni ushindani, na mtaani hapa ukishindana utashindwa. Mwaka 2020 maduka ya vifaa vya ujenzi ya Home Depot yalileta mifupa ya plastiki yenye urefu wa futi 12, karibu mita 3.7, kwa dola 299, na ikawa inagombaniwa. Jirani yako akishasimamisha jitu hilo, usihangaike kumfikia. Tumia akili kwenye mwanga.

## Taa: hapa ndipo pesa iende

Kwa nini mnasisitiza taa kuliko sanamu?

Kwa sababu watu hupita usiku. Mwisho wa Oktoba jua huzama mapema, na kile kilichokugharimu dola 40 kikiwa gizani ni sawa na kutokuwepo. Upande mwingine, kitu cha bure kabisa, hata boksi lililokatwa umbo la popo, kikipigwa mwanga vizuri kinatisha.

Anza na balbu ya taa ya barazani. Toa ile nyeupe, weka ya LED ya kijani, zambarau au chungwa. Ni kazi ya dakika moja na inabadilisha uso mzima wa nyumba. Kisha chukua taa moja ya kumulika, iweke chini kabisa karibu na ardhi, ielekeze juu kwenye kile unachotaka kionekane: mti, kaburi, mzimu. Mwanga unaotoka chini hurusha kivuli kikubwa ukutani, na kivuli hakiuzwi. Simama barabarani uangalie, siyo mlangoni; mara nyingi ukisogeza taa hatua mbili tu mbele, kivuli kinaongezeka maradufu.

Usichanganye rangi nyingi. Rangi mbili, basi. Zikifika tano, nyumba inafanana na duka la simu.

Ninunue taa za aina gani?

LED za kamba, zilizoandikwa kwenye boksi kwamba zinaruhusiwa kutumika nje. Kama nje huna soketi, za betri zenye taima ni nzuri kuliko za sola. Sola hufanya kazi, lakini Oktoba mchana ni mfupi, mawingu ni mengi, na kwenye baraza lenye kivuli zitawaka saa chache na kufifia kabla watoto hawajaisha.

Taa nyeupe za Krismasi ulizo nazo kabatini zinafaa vilevile. Zile zenye rangi nyekundu na kijani ziache zisubiri Desemba.

Bili ya umeme itapanda?

Kwa LED, hutaiona. Kamba ya taa 100 hula wati 6 hivi. Ukiiwasha kwa muda wa saa tano kila usiku kwa siku 30, haifiki hata uniti moja, yaani kilowati-saa moja. Kwa bei za kawaida za majumbani Marekani hizo ni senti kumi na kitu. Kamba ya zamani yenye balbu ndogo za kuchemka hula wati 40 hivi, karibu mara saba. Nazo si za kufilisi mtu, ila huwa moto, na hilo ndilo sababu kubwa ya kuziacha.

Masanamu ya kujaza upepo ni habari nyingine, maana feni yake huzunguka muda wote sanamu likiwa limesimama. Zima unapoenda kulala.

Waya nje kwenye mvua, si hatari?

Ni hatari ukitumia ekstensheni ya sebuleni. Ya nje huandikwa hivyo kwenye boksi au kwenye lebo ya waya wenyewe, na huwa na nembo ya usalama ya UL au CSA. Chomeka kwenye soketi ya nje yenye vitufe vya TEST na RESET, ambayo hukata umeme yenyewe maji yakiingia. Usiunge ekstensheni kwa ekstensheni. Nunua moja ndefu. Maungio yainue kutoka ardhini, yasilale kwenye dimbwi.

Na njia ya kupita watoto isiwe na waya hata mmoja. Mtoto aliyevaa kinyago haoni miguu yake.

Mishumaa je? Ni rahisi kuliko zote.

Ni rahisi mpaka vazi la mtoto liushike moto. Mavazi mengi ya Halloween ni ya kitambaa chepesi, marefu, yanayoburuta, na barazani kuna majani makavu. Vimshumaa vya betri huuzwa vingi kwenye pakiti moja kwa dola chache na vitatumika miaka. Ukikosa, tochi ndogo ndani ya boga inatosha.

## Vitu vya kutengeneza kwa mkono

Mizimu ya madumu ya maziwa inatengenezwaje?

Hii ndiyo inayotupendeza kuliko zote, maana nyumba yenye watoto haikosi madumu. Tunazungumzia yale ya galoni moja, ya plastiki yenye weupe wa ukungu. Anza kuyakusanya Septemba.

Osha kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu ya maziwa iishe kabisa, vinginevyo utafuga nzi. Bandua karatasi ya nembo. Acha kifuniko mahali pake. Geuza dumu ili mkono wake uwe nyuma, na upande wa mbele ulio laini chora macho na mdomo kwa makapeni nyeusi isiyofutika. Macho makubwa, ya mviringo mrefu, yaliyojazwa weusi wote, kwa sababu mistari myembamba haionekani kutoka barabarani. Kwa nyuma, chini ya mkono, kata tundu la kupitisha ngumi. Mwaga konzi mbili za mchanga ndani ili upepo usilibebe. Kisha ingiza taa.

Kamba moja ya taa 100 inaweza kuhudumia madumu manne au matano: unasukumia taa ishirini hivi ndani ya la kwanza, waya unatoka kwa tundu lile lile, unaingia la pili, na kuendelea. Yapange kando ya njia ya kuelekea mlangoni. Mchana ni takataka zilizochorwa, hatukatai. Jua likizama, plastiki ile inasambaza mwanga na dumu zima linang'aa.

Na mzimu mkubwa wa kusimama?

Tafuta vile vyuma vya kutegemezea nyanya bustanini. Oktoba nyanya zimekwisha na jirani anaweza kukuazima. Kigeuze juu chini, ule mduara mpana ukae ardhini. Miguu inayobaki juu ikunje na uifunge pamoja kwa waya. Zungushia kamba ya taa kuanzia chini hadi juu, weka mpira wa magazeti kileleni uwe kichwa, funika kwa shuka jeupe. Macho yakate kwenye kitambaa cheusi na kuyabandika. Mduara wa chini ushikilie kwa vipande vya hanga vya waya vilivyokunjwa kama pini na kuchomekwa ardhini.

Shuka likiwa zito halipitishi mwanga. La mtumba lililochakaa ni bora kuliko jipya. Hata chandarua cheupe kilichotoboka kinafaa, mradi kiwe barazani, si mitini. Sababu iko kwenye swali la utando wa buibui.

Makaburi ya bei rahisi yasiyoharibika kwa mvua?

Boksi la karatasi hudumu mpaka mvua ya kwanza. Likiwa chini ya paa la baraza, sawa. Kwa uwanjani tumia lile povu jeupe gumu linalokuja limefunga televisheni au friji. Chora umbo la jiwe la kaburi, kata kwa kisu chenye makali, kisha chonga maandishi kwa ncha ya kalamu ya mpira au bisibisi, ukikandamiza mpaka herufi zizame. Paka rangi ya maji ya ukutani, ya kijivu. Makopo ya rangi zilizorudishwa dukani huuzwa kwa bei ya kutupa. Ikikauka, ingiza rangi nyeusi kwenye herufi kwa brashi nyembamba, na futa ziada kwa kitambaa chenye maji. Doa litakalobaki ndilo uzee wenyewe.

Angalizo: rangi ya kupuliza ya kopo huyeyusha povu hilo. Wengine hupuliza kidogo kwa makusudi kwenye kingo ili jiwe lionekane limeliwa na miaka, lakini jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Kusimamisha, choma vijiti viwili kwa chini, nusu viingie kwenye povu na nusu ardhini. Kama uwanja una mabomba ya kumwagilia majani, vijiti viwe vifupi.

Maandishi ni juu yako. "Hapa Amelala Bwana Nipo Njiani." "Marehemu Nitakulipa Mwisho wa Mwezi." Wazungu watauliza maana, na hapo ndipo mnapofahamiana. Jina la mtu halisi wa mtaani usiandike, hata kwa utani.

Buibui mkubwa?

Majani ya uwanjani lazima uyafagie tu, basi yafanye kazi. Jaza mfuko mkubwa mweusi wa taka uwe mwili, mdogo uwe kichwa, ufunge pamoja. Miguu minane itoke kwenye ile sponji nyeusi ya kuvalisha mabomba ya maji yasigande, inauzwa kwa urefu wa futi kadhaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Pitisha waya ndani ili uweze kukunja magoti. Mweke juu ya paa la baraza au ukutani. Majani yawe makavu, la sivyo baada ya wiki mfuko utanuka.

Ule utando mweupe wa kuvuta una shida gani? Ni dola moja na kitu tu.

Ndege wadogo, popo na wadudu hunasa humo, hasa ukiutandaza kwenye miti na vichaka. Uweke sehemu ndogo barazani, karibu na mlango, au tengeneza wa kamba: kamba ya katani au ya pamba, mistari minane ikikutana katikati, halafu mizunguko yenye nafasi pana. Unaonekana kwa mbali zaidi, na mwakani unautumia tena.

Madirisha je?

Madirisha husahaulika bure. Kata maumbo ya karatasi nyeusi, paka, bundi, mkono wenye kucha ndefu, ubandike kioo kwa ndani. Nyuma yake tundika shuka jeupe na taa. Mvua haifiki, upepo haufiki, na mwizi hafiki. Kwa ghorofani hakuna pambo linaloshinda hili.

## Maboga

Boga la kuchonga linadumu siku ngapi?

Siku tano hadi kumi kwenye baridi. Texas au Florida siku tatu tu zinaweza kutosha kuliozesha. Kwa hiyo chonga tarehe 27 au 28, si mwanzoni mwa mwezi. Likiwa zima, bila jeraha, kwenye sehemu kavu, boga hukaa wiki nyingi.

Nichonge vipi lisichakae haraka?

Usikate kifuniko juu. Kata tundu nyuma au chini. Kikonyo kikibaki mahali pake, boga linashikilia umbo, na hakuna kifuniko cha kunywea na kutumbukia ndani. Kwangua kwa kijiko kikubwa mpaka nyuzi zote zitoke. Upande wa uso punguza unene ufike kama sentimita 2.5 ili kisu kipite kirahisi. Chora kwanza kwenye karatasi, bandika, toboa alama kwa sindano, ndipo ukate. Watoto wakwangue na wachore. Kisu kiwe cha mkubwa.

Ukimaliza, lichovye au ulinyunyizie maji yenye jiki, kijiko kimoja cha chakula kwa galoni moja, kuua ukungu. Likauke likiwa limepinduliwa, kisha paka vaselini kwenye kingo zote zilizokatwa. Mchana likinywea, lizamishe kwenye maji baridi saa kadhaa, litarudi kidogo.

Kindi wanakula boga langu.

Watakula. Pilipili kali ya unga iliyochanganywa na maji huwasumbua, lakini mvua ikinyesha unarudia. Suluhisho la uhakika ni kupaka rangi boga zima badala ya kulichonga, maana harufu ya jeraha ndiyo inayowaita. Au liingize ndani usiku mpaka siku yenyewe.

Naweza kulipika baadaye?

Lililochongwa na kukaa nje, hapana. Hata likiwa zima, lile kubwa la chungwa limefugwa kwa ukubwa na si kwa ladha: lina maji mengi na nyuzi. Ukilitia nazi utalaumu nazi bure. Kwa futari tafuta boga la aina ya kabocha kwenye maduka ya Waasia, limekaribia zaidi boga la nyumbani. Mbegu lakini ni mali: osha, kausha, nyunyiza chumvi na mafuta, choma kwenye oveni.

## Kununua

Wapi bei nafuu?

Dollar Tree kwanza. Bei yao ya msingi ilipanda kutoka dola 1 hadi 1.25 mwaka 2021, na siku hizi vipo vya zaidi ya hapo, lakini kwa mafuvu madogo, vimshumaa vya betri na kunguru wa manyoya bado hawashikiki. Goodwill na maduka mengine ya mitumba kwa mashuka, na kwa nguo za kuvalisha sanamu la majani. Maboga yatafute Aldi au Walmart. Kule shambani kwa kujichumia mwenyewe unalipia matembezi.

Kabla ya yote hayo, ulizia vya bure. Makundi ya Buy Nothing, ambamo majirani hupeana vitu bure, yaliyoanza kisiwani Bainbridge, jimbo la Washington, mwaka 2013, sasa yapo karibu kila mji, na mwisho wa Septemba watu husafisha gereji zao.

Na siku ya kununua hasa ni tarehe 1 Novemba. Asubuhi hiyo vilivyobaki hupunguzwa bei kwa nusu, na siku zinavyokwenda hushuka zaidi. Nunua taa na plastiki, weka, mwakani huna haraka.

## Nyumba ya kupanga na masharti yake

Mwenye nyumba hataki misumari. Nifanyeje?

Tumia kulabu za kubandika za aina ya nje. Futa kwanza kwa spiriti, bandika, subiri saa moja kabla ya kutundika kitu. Hazishiki kwenye tofali wala ukuta wa kukwaruza. Kwa tofali kuna klipu zinazouma kingo za tofali bila kutoboa. Kwenye nguzo na reli, kamba inatosha. Pini za kushindilia usipigie waya wa umeme hata siku moja.

Naishi ghorofani, sina uwanja.

Una mlango, dirisha na pengine roshani. Mlango uzungushie bandeji nyeupe au karatasi ya chooni, acha sehemu ya macho mawili makubwa ya karatasi, umepata maiti ya Misri kwa senti. Soma mkataba kwanza, maana majengo mengi hukataza kuweka vitu kwenye korido kwa ajili ya njia ya kukimbilia moto. Dirisha limeshaelezwa juu.

Mtaa wetu una chama cha wamiliki wa nyumba. Wanaweza kunitoza faini?

Ndiyo, kama kanuni zao zinataja tarehe za kuweka na kuondoa mapambo. Soma kabla ya kutundika, hasa kwa sauti na taa zinazomulika dirisha la jirani.

## Yanayomkuta mmoja mmoja

Dini yetu haituruhusu. Tunaweza kupamba bila kuingia kwenye Halloween?

Waislamu wengi na Wakristo wengi wameamua hivyo, na mtaa umezoea. Njia ya kati ni mapambo ya mavuno: maboga mazima, mabua ya mahindi, marobota ya nyasi kavu, maua ya krisanthemamu kwenye vyungu. Hayana fuvu wala mchawi, na kwa Marekani yanaendelea kufaa mpaka Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya Novemba. Canada sikukuu hiyo huja kabla, Jumatatu ya pili ya Oktoba, kwa hiyo huko anza nayo. Jioni ya tarehe 31 zima taa ya barazani, na hakuna atakayegonga sana. Taa ikiwaka na hutaki kutoa pipi, ndipo utawachosha watoto.

Naweza kuning'iniza mwanasesere mtini kama mtu aliyenyongwa?

Hapana. Usifanye, hata kama duka linauza. Marekani, umbo la mtu kwenye kitanzi mtini linakumbusha jinsi makundi ya watu yalivyowanyonga Weusi, hasa majimbo ya Kusini. Taasisi ya Tuskegee ilirekodi Weusi 3,446 waliouawa na makundi ya namna hiyo kati ya 1882 na 1968. Majirani Wamarekani Weusi hawataona utani, na hawana sababu ya kuuona. Mzimu wa shuka usio na shingo wala kamba ya kitanzi ni kitu kingine; utundike kwa ndoano kutoka kichwani.

Maiti za kutengenezwa zenye damu nyingi nazo ziache. Kuna watu waliopigiwa polisi na wapita njia waliodhani ni kweli.

Watoto wadogo wanaogopa kuja mlangoni.

Basi umezidisha. Kinachotisha kikae pembeni, njia iwe na mwanga na vitu vya kuchekesha. Vitu vinavyoruka ghafla vikiguswa vizime mpaka saa mbili usiku. Kabla ya hapo wanaokuja ni wa chekechea.

Nimeona boga la rangi ya buluu-kijani. Maana yake nini?

Nyumba hiyo ina zawadi zisizo chakula kwa watoto wenye mzio: penseli, stika, pete za plastiki. Lilianza Tennessee mwaka 2012, na mwaka 2014 FARE, shirika la masuala ya mzio wa chakula, likalieneza nchi nzima. Paka boga dogo rangi hiyo, weka bakuli la pili. Ni pambo na ni hisani kwa pamoja.

Upepo na theluji?

Fikiria kila kitu kitapeperuka, ufunge kabla. Kwa majimbo ya kaskazini theluji siyo mzaha: dhoruba iliyoanza Minnesota siku ya Halloween mwaka 1991 iliangusha inchi 28.4 Minneapolis na St. Paul, na wenyeji bado wanaisimulia. Huko, vitu vya chini kama makaburi viwe na vijiti virefu, na utegemee madirisha.

Baada ya sikukuu maboga niyapeleke wapi?

Toa vimshumaa na uchafu, likatekate, lichanganye kwenye mboji. Miji mingi ina siku ya kukusanya, na baadhi ya wafugaji huyachukua kwa nguruwe na mbuzi. Lililopakwa rangi au kuwekwa jiki lisipewe mnyama.

Taa nizihifadhije zisifanye fundo?

Kata kipande cha boksi, kichanje pande mbili, anza na ncha isiyo na plagi, zungusha, malizia na plagi ikiwa nje ili mwakani uijaribu kabla ya kuifungua. Andika juu kwa makapeni ni ya wapi: dirishani, njiani, barazani. Betri zitoe kwenye kila kitu, maana zikivuja kabatini hutapata cha kuwasha. Madumu ya maziwa usiyatunze, utakunywa mengine.